Akiba nayo huoza

Methali inasema akiba haiozi. Aliyeitunga hakuwahi kufungua gunia la mahindi mwezi wa pili akakuta vumbi chini na dumuzi juu. Mahindi huoza, maharage ya siku nyingi hugoma kuiva, mafuta huchacha, dawa ya maji huisha nguvu ndani ya chupa iliyofungwa, na shilingi iliyolazwa chini ya godoro huamka ikiwa ndogo kuliko ilivyolala. Ndiyo maana kaya nyingi zilizojiandaa hugundua siku ya shida kwamba zina vitu lakini hazina akiba. Kununua ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kuvifanya vifike siku vinayohitajika vikiwa bado vinafaa.

Hapa tunachukua kaya ya watu watano, nyumba ya kupanga, Dar es Salaam au mji wowote wa joto na unyevu kama huo, kipato cha kuungaunga. Anayeishi Iringa au Arusha ana nafuu ya hewa kavu na baridi, lakini hesabu ni ileile.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ipo shida ya siku chache: Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu, sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Mei 4 mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikaingia pwani, na Mei 12 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikakatika, Afrika Mashariki nzima ikayumba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kwa siku hizo, mwenye hela zote kwenye simu na kibaba kimoja cha unga ndani alijifunza somo kwa njaa. Halafu ipo shida ya miezi: kupunguzwa kazi, ugonjwa wa mwenye kipato, mvua za vuli kushindwa, bei kupanda. Mwaka 2022 wenzetu wa Kenya waliona pakiti ya unga ya kilo mbili ikivuka shilingi 200 za kwao.

Shida ya kwanza inataka vitu vilivyo mkononi, bila umeme wala mtandao. Ya pili inataka chakula kilichonunuliwa bei ikiwa chini, na fedha isiyoyeyuka. Begi la dharura halikusaidii kitu mwezi wa nne bila mshahara, na hisa zako za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hazitakupa maji ya kunywa leo usiku.

Dumu moja, wiki moja

Tuanze na hesabu ya tumbo. Mgao wa chakula cha msaada kwa kawaida hupangwa kwa gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 hadi 30 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa watu watano kwa siku 30 hiyo ni kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage, lita 4 hadi 5 za mafuta na robo tatu ya kilo ya chumvi. Inampa mtu kalori zipatazo 1,800. Zinazobaki kufikia 2,100, ambazo ndizo kipimo cha wastani, zinatoka kwenye dagaa, sukari, karanga na mboga. Hesabu nyingine ni ya vinywa. Mambo yakiharibika, watoto wa dada huletwa, shangazi hushuka na basi la usiku, na hakuna Mswahili anayefunga mlango wakati kwake chungu kinachemka. Kaya ya watano ipangwe kwa saba, au muda ukatwe: chakula cha miezi mitatu kwa watano ni cha miezi miwili na siku nne kwa saba.

Nafaka hununuliwa kwa majira. Mahindi ya nyanda za juu kusini, yaani Ruvuma, Njombe, Mbeya na Rukwa, huvunwa kati ya Mei na Julai, na bei huwa chini Juni hadi Agosti. Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla ya mavuno mapya, hupanda. Tofauti hiyo ndiyo faida ya mwenye akiba. Kununua wakati wa mavuno pia hakumuumizi mtu, maana mkulima anatafuta mnunuzi. Wanaopandisha bei ni wale wanaokimbilia dukani siku tangazo la kimbunga limetoka. Wazee wanaokumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wanajua namna watu walivyotupa sabuni na sukari usiku kwa hofu ya kuitwa walanguzi. Leo kilo 200 za mahindi chumbani si ulanguzi, lakini tabia ya kununua kwa hofu ni ileile na bado inawaumiza wasio na hela.

Pima kwa kilo. Debe, sado na lumbesa ni vipimo vya muuzaji, na debe la lundo si debe la kufuta. Ukikoboa ili kupata sembe, robo hadi theluthi huondoka na pumba, kwa hiyo kilo 60 za sembe zinataka mahindi kama kilo 85. Ukisaga dona, karibu yote yanabaki. Ila usihifadhi dona. Kiini cha punje kina mafuta, na kikishasagwa huchacha. Kwa joto la Pwani unga wa dona huanza uchungu ndani ya wiki chache. Hifadhi punje, saga ya wiki mbili.

Adui wa kwanza wa punje ni unyevu, wala si mdudu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Kung'ata kwa meno na kusikiliza mlio kunamdanganya hata mzoefu. Kipimo cha nyumbani ni chumvi na chupa. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750, safi na kavu kabisa. Chumvi ya Pwani hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka itiririke kama mchanga, kisha ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Tia vijiko vikubwa viwili, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, laza chupa kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na hayo mahindi hayajakauka. Chumvi ikianguka yote chini, yako chini ya 15; kama unayatia kwenye chombo kisichopitisha hewa, yape siku moja zaidi ya jua.

Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, unene usiozidi vidole vitatu, yageuzwe kila baada ya saa moja hivi, yaingizwe kabla ya umande. Kosa linaloharibu kazi yote ni kuyafunga yakiwa bado na joto la jua. Hewa ya moto ndani ya mfuko hupoa usiku, huacha matone juu, na baada ya wiki mbili mdomo wa gunia una ukungu huku chini kuko sawa. Yapoe kivulini, ndipo yafungwe.

Ukungu huo si suala la harufu tu. Sumu kuvu, inayotokana na ukungu wa namna hiyo, iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Kinachosaidia ni kukausha mapema na kuchambua kwa mkono: punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zote zitoke. Kukoboa hupunguza, hakumalizi. Na zile zilizochambuliwa asipewe kuku wa kuliwa. Sumu inazunguka na kurudi mezani.

Sasa wadudu. Fukusi tumezoeana naye tangu babu. Dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengine walimbatiza Scania, jina la lori, na Kenya wakaja kumwita Osama. Anatoboa punje na kuigeuza unga, na akikosa punje hutafuna mbao. Njia inayofaa nyumba ya kupanga ni kumnyima hewa. Mdudu hupumua kama sisi. Akifungiwa, hutumia oksijeni iliyobaki kati ya punje, huacha kula, huacha kuzaa, hatimaye hufa. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni nzito ndani ya gunia, hufanya kazi kwa kanuni hiyo bila dawa. Kagua nailoni kwa kuipuliza kama puto na kusikiliza inapovuja. Pepeta mahindi kuondoa vipande vya magunzi, vinavyotoboa. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje, funga kwa mpira wa baiskeli. Nailoni ya pili vilevile, kisha gunia la nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, maana panya hupenda pembe, na tundu moja la panya ni mlango wa hewa.

Watu huharibu mfuko huu kwa kuufungua kila Jumamosi kuchota. Kila ukifungua, hewa inaingia na mayai yaliyosalia yanaamka. Kwa hiyo gunia liwe la kufungwa, na chakula cha kila siku kitoke kwenye madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula. Dumu moja hubeba kilo 15 hivi za mahindi. Kaya yetu hula kilo mbili kwa siku. Dumu moja, wiki moja, manne, mwezi. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ligeuzwe kichwa chini juani siku mbili mpaka lisiwe na tone. Lijazwe mpaka mdomoni, maana nafasi tupu ni hewa ya mdudu. Chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni, kaza, kisha minya dumu karibu na sikio: likipiga mluzi, kifuniko hicho hakifai. Andika mwezi kwa kalamu ya wino mzito. La zamani litoke kwanza. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba lisiingie kwenye mpango huu, hata likinukia sabuni.

Kuhusu dawa: poda ya kuhifadhia nafaka ipo na inafaa ukifuata kipimo cha kwenye pakiti. Vidonge vya fosfini, vile vinavyotoa gesi, visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Na mahindi ya mbegu yenye rangi ya dawa si chakula, hata njaa iweje.

Maharage nayo hubunguliwa, na madumu hayohayo yanayatosha. Lakini yakikaa muda mrefu kwenye joto, ganda lake hukataa maji, na maharage ya miaka miwili yanaweza kula mkaa wa siku nzima. Weka ya miezi sita, si zaidi. Loweka usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili, hasa yale mekundu makubwa, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjika kwa mchemko wa kweli tu. Baada ya hapo sufuria inaweza kuhamia kwenye kapu lenye blanketi ndani, ikamalizia kuiva kwa joto lake yenyewe kwa saa tatu au nne. Mkaa unaookolewa hapo ni akiba nayo. Mafuta nunua ya lita tatu au tano. Dumu kubwa likishafunguliwa linachacha kabla hujafika nusu. Dagaa wa Pwani wasihesabiwe zaidi ya miezi miwili.

Maji

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji ukaanza. Kunywa na kupika ni lita tano kwa mtu kwa siku. Ukiongeza kuoga kwa ubahili na kufua, 15. Pipa la lita 200 ni siku nane za kunywa na kupika kwa watu watano. Simtanki la lita 1,000, kwa matumizi yote ya lita 75 kwa siku, ni siku 13.

Tangi lenye kupitisha mwanga huota ukijani. Lisilofunikwa hulea mbu wa dengi, anayependa maji safi yaliyotuama na huuma mchana. Anayekaa bondeni ajue jambo moja: tangi tupu huelea na kuondoka na mafuriko, tangi lililojaa hukaa. Tahadhari ikitangazwa, lijaze.

Dawa ya maji usiitie tangini ukategemea mwezi mzima, kwa kuwa klorini huruka. Tibu ya siku moja au mbili kwenye ndoo yenye kifuniko na bomba. Vidonge vya kutibu maji vina kipimo chake kwenye pakiti, vingi ni kimoja kwa lita 20. Ukitumia dawa ya kufulia nguo nyeupe, iwe isiyo na manukato wala sabuni; yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita moja inatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, mbili kama yana ukungu baada ya kuchuja kwa kitambaa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano kupimia, koroga, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ibaki. Isipobaki, rudia kipimo mara moja. Chupa iliyokaa mwaka mzima juani inaweza kuwa imebaki na nusu ya nguvu, na huwezi kujua kwa macho. Baada ya mafuriko, kisima kilicho karibu na choo cha shimo kihesabiwe kimechafuka hata maji yaking'aa.

Fedha

Noti za nyumbani zitoshe chakula na nauli ya siku saba, na ziwe ndogo: za 1,000, 2,000, sarafu za 500. Siku mtandao ukiwa chini hakuna mwenye chenji, na noti ya 10,000 itakununulia mkate mmoja wa bei ya noti nzima. Zitiwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo, kwa sababu mchwa na unyevu hawabagui. Zisizidi hapo, mwizi wa jirani pia anasoma alama za nyakati.

Simu ni pochi nzuri mpaka vitu vitatu vikutane: umeme umekatika, mnara umeishiwa betri, wakala hana fedha taslimu. Laini mbili za mitandao tofauti hupunguza balaa la pili tu. Ukipoteza simu, kurudisha laini kunataka namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole, basi namba hiyo ijulikane kwa kichwa au iandikwe mahali pengine zaidi ya ndani ya simu iliyopotea.

Kikundi cha hisa, VICOBA au chama kama wanavyoita Kenya, ndiyo benki ya wengi, na kwa ugonjwa wa mtu mmoja au msiba wa nyumba moja hufanya kazi ambayo benki haijawahi kuifanya. Udhaifu wake uko penginepo. Wanachama wote wanaishi mtaa mmoja. Mvua ikiingia, inaingia kwa wote. Wote wanataka kukopa Jumatatu ileile, na fedha iko mikononi mwa wakopaji, ambao nao nyumba zao zimejaa maji. Bima yoyote inayowakatia watu wa bonde moja peke yao ina tatizo hilo. Ndiyo sababu ya kuwa na hisa kidogo kwenye SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) ya kazini, au kikundi cha ndugu waliotawanyika mikoani, hata kama faida yake ni ndogo. Jingine ni kalenda: vikundi vingi hugawana Desemba, fedha ikala sikukuu, na Januari ada na kodi ya miezi sita vinabisha hodi pamoja. Kikundi kinachovunja mzunguko mwezi wa sita au wa saba kinakupa hela wakati mahindi yako bei ya chini. Hilo linaweza kuzungumzwa kwenye mkutano na kubadilishwa bila gharama yoyote.

Kinachomaliza kaya zaidi kuliko njaa yenyewe ni mkopo wa kausha damu. Tuutazame mmoja kwa karibu. Unapewa 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 260,000, riba 60,000, na mkopeshaji anasema ni asilimia 30. Sivyo. Kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, katika mwezi huo umekaa na wastani wa kama 100,000 tu ya fedha yake, siyo 200,000. Umelipa 60,000 kwa kukaa na laki moja: karibu asilimia 60 kwa mwezi. Ukikosa siku tatu, faini. Ukichukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza, umeshaingia. Zile programu za mikopo kwenye simu zina balaa la ziada la kutangaza deni lako kwa namba zote ulizohifadhi. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Njia ya kulikwepa hilo huanza wiki ya kwanza ya kipato kupungua, siyo ya nane. Mwenye nyumba aambiwe mapema, na shule pia. Wengi hukubali malipo ya mafungu kwa anayekuja kabla ya kuitwa. Vya kuuza viuzwe kwa mpangilio: televisheni na simu ya pili kabla ya cherehani, cherehani kabla ya kiwanja, na pikipiki inayoingiza hela ya siku iwe karibu ya mwisho. Mwenye mbuzi au ng'ombe kijijini aelewe mwendo wa soko la ukame: bei ya mahindi inapopanda, bei ya mifugo inashuka, kwa sababu wote wanauza na wanyama wamekonda. Dume moja likiuzwa mapema linaleta magunia. Likisubiri miezi mitatu linaleta debe. Majike yabaki.

Giza, maji ya bondeni na dawa

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Anayekaa Jangwani au popote kando ya mto Msimbazi asisubiri ya tatu. Begi liwe tayari: vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, mkataba wa pango au hati ya kiwanja ndani ya nailoni mbili, nakala kwa ndugu wa mkoa mwingine, noti ndogo, tochi, redio ya betri, kanga mbili, dawa za wiki, lita mbili za maji. Meinswichi izimwe kabla maji hayajagusa soketi, na kwa mkono mkavu. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanamchukua mtu mzima, wala usipime kina kwa kumtazama aliyetangulia. Zimamoto ni 114, polisi 112.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Gesi iwe na mtungi wa pili mdogo wa kilo sita, ujaribiwe kwa povu la sabuni kwenye muungano wa mpira, usimame wima penye hewa. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka haina harufu, mtu husinzia na asiamke, na jambo hili hutokea zaidi usiku wa mvua na baridi, watu wanapofunga madirisha.

Dawa za ugonjwa wa kudumu, presha, sukari, pumu, ziwe na ziada ya wiki mbili hadi mwezi, na ziada hiyo itumike kwanza kila unapochukua mpya. Ziwe mahali baridi kuliko pote ndani, ambapo kwa nyumba nyingi si jikoni wala juu ya friji, maana huko juu kuna joto. Insulini inayotumika hustahimili wiki nne hivi bila friji mradi joto lisivuke nyuzi 30. Kwa Februari ya Dar es Salaam, weka ndani ya mfuko usioingiza maji, mfuko ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa. ORS na zinki, dawa za kuharisha, ziwepo kila wakati penye mtoto. Pakiti za ORS zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kukosekana, kwa hiyo pima kwa kijiko, sio kwa vidole.

Mwisho, chagua Jumamosi moja isiyo na mvua. Zima meinswichi saa kumi na mbili asubuhi, funga bomba, weka simu zote droo moja mpaka kesho yake asubuhi. Mambo yatakayoonekana ni madogo na ya aibu: betri za tochi zimevuja, kiberiti kimelowa, kifuniko cha dumu kimekazwa mpaka bibi hawezi kukifungua, ufunguo wa stoo uko na mtu aliye kazini Kibaha, na hakuna anayekumbuka namba ya simu ya yeyote kwa kichwa. Rudia Juni, kabla ya kununua mahindi, na tena Februari, masika yanapokaribia.